Kukamatwa kwa Kitabu: Udhibiti wa Riwaya ya Zhizn i Sudba ya Vasily Grossman

Mwaka 1960 Vasily Grossman aliwasilisha mswada wa riwaya yake, Zhizn i Sudba (yaani Maisha na Majaaliwa), kwa jarida la Znamya huko Moscow. Februari 1961 maofisa wa KGB walifika nyumbani kwake. Hawakumtia mbaroni, walichukua nakala za mswada, karatasi za kaboni na hata tepe za mashine ya kupigia chapa. Kwa dola iliyozoea kuwafunga na kuwaua waandishi, hatua hiyo haikuwa huruma. Udhibiti ulikuwa umejifunza kumwacha mwandishi huru na kukifunga kitabu.

Mara nyingi marufuku hiyo huelezwa kwa kurejelea sura ambamo Liss, ofisa wa SS, anamwambia mfungwa Mkomunisti, Mostovskoy, kwamba mifumo yao miwili inafanana. Maelezo hayo yana msingi, lakini yanaipunguza riwaya kuwa kauli moja, na kauli moja mhariri angeweza kuifuta kwa kalamu. Kisichofutika ni usawiri wa Viktor Shtrum. Mwanafizikia huyu, anapoandamwa katika taasisi yake, anakataa kujikosoa hadharani ingawa anahofia kukamatwa. Kisha Stalin anampigia simu. Heshima inarudi, na wenzake waliomkwepa wanamsalimu tena. Ni baada ya hapo, akiwa salama, ndipo anapotia saini barua inayothibitisha hatia asiyoiamini. Vitisho havikumvunja, fadhila za wakubwa ndizo zilizomlegeza. Grossman aliujua udhaifu huo kwa ndani: mwanzoni mwa 1953 yeye mwenyewe alitia saini barua iliyotaka madaktari wa Kiyahudi waliosingiziwa njama ya mauaji waadhibiwe vikali.

Dhamira hii iliwagusa wadhibiti kuliko ulinganisho wa Liss, maana nao waliishi kwa saini na fadhila. Mwaka 1962 Mikhail Suslov, kiongozi wa itikadi ya Chama, alimwambia Grossman kwamba kitabu hicho kisingeweza kuchapishwa kabla ya miaka 200 au zaidi kupita. Suslov hakuwa ameisoma riwaya yenyewe. Alitegemea tathmini alizoandikiwa. Ni nadra kwa kitabu kisichosomwa kusifiwa kiasi hicho.

Grossman alifariki mwaka 1964. Nakala zilizofichwa na marafiki ziliwezesha riwaya kuchapishwa kwa Kirusi nchini Uswisi mwaka 1980, na mwaka 1988 jarida la Oktyabr likaitoa huko Moscow.