Gia Iliyoruka Ziwani Nzilo

Mwenye mtumbwi alinieleza ugonjwa kwa maneno matatu: «Fundi, vitesi inaruka.» Huku Katanga gia tunaiita vitesi. Kuruka kwenyewe ni hivi: unaingiza gia ya mbele, mtumbwi unaanza kwenda, ukiongeza moto mashine inapiga kama nyundo, kang, kang, rafadha inalegea, kisha inashika tena. Gia ya nyuma ilikuwa haina neno. Mashine ilikuwa ya Kijapani, nguvu za farasi 40, mipigo miwili, umri wake umepita miaka 20, na kazi yake ilikuwa kuvusha watu, samaki na makaa.

Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Union Minière iliuziba mto Lualaba hapo Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi, ili kupata umeme wa viwanda vya shaba. Bwawa liliitwa Delcommune enzi hizo, na kituo chake kina uwezo wa megawati 108. Maji yake yamekaa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Urefu huo ndio uliokuja kunifungua macho, ingawa siku ya kwanza sikuufikiria hata kidogo.

Kwanza tuone kilichomo ndani ya mguu wa mashine. Shafti inashuka wima kutoka kwenye injini, na ncha yake ina gia ndogo iitwayo pinyo. Pinyo hiyo imeshikana muda wote na gia mbili zilizolala: ya mbele na ya nyuma. Zote mbili huzunguka bila kukoma, kila moja upande wake, hata mkono wa gia ukiwa katikati. Shafti ya rafadha imepita ndani ya gia hizo bila kushikwa na yoyote. Kinachoishikisha ni pete moja ya chuma inayoteleza kati ya gia hizo. Kila uso wa pete una vinundu vikubwa vya mraba, nami nitaviita magego, ili tusivichanganye na meno ya gia. Ukisukuma mkono wa gia, fimbo nyembamba inapanda au kushuka, inaisogeza pete, na magego ya pete yanajipachika kwenye magego ya gia. Hakuna klachi ya kulainisha kama ya gari. Ni chuma kilichosimama kinachodaka chuma kinachozunguka.

Hata hivyo, sikuanza kwa kufungua mguu. Nilianza na rafadha, kwa sababu katikati yake mna mpira unaoweza kuteleza, na dalili zake hufanana sana na za gia mbovu. Nilichora mstari wa rangi kuanzia kwenye kitovu hadi kwenye mwili wa rafadha, tukaenda ziwani na mzigo. Tuliporudi, mstari ulikuwa bado umenyooka. Mpira ulikuwa mzima.

Hatua ya pili ilikuwa kuigawa mashine nusu mbili. Mashine hii ina mkono wa gia ubavuni, haina kebo, na fimbo yake imeunganishwa na nati ndefu yenye nati ya kuifunga. Niliifungua nati hiyo, nikaisogeza fimbo ya chini kwa koleo huku kijana mmoja akiizungusha rafadha kwa mkono. (Bila kuizungusha, magego yanaweza kukutana uso kwa uso, gia ikagoma kuingia, nawe ukailaumu bure.) Mguu uliitikia vizuri pande zote. Lakini nilipounganisha tena niliona kosa: fimbo ilikuwa fupi kuliko inavyotakiwa, hivyo kwenye gia ya mbele pete haikufika mwisho. Aliyebadilisha impela ya pampu ya maji kabla yangu aliushusha mguu, na wakati wa kuurudisha hakuhesabu nyuzi za nati. Nikarekebisha, nikafurahi. Mtumbwi ulifanya kazi siku mbili, siku ya tatu gia ikaruka tena.

Hapo tukamwaga oili ya gia. Ilitoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yameingia, na sumaku ilikusanya vipande vya chuma vya ukubwa wa punje ya mchele. Nyuma ya rafadha tulikuta nyuzi za nyavu zimejiviringisha kwenye shafti na kuikata oili sili, mpira unaozuia maji kuingia. Ndani, magego ya upande wa mbele yalikuwa yameviringika kama sabuni iliyotumika. Yale ya nyuma yalikuwa bado na kona kali.

Kolwezi haikosi mafundi wa kulehemu na wa kukereza vyuma. Wengi wamejifunza katika karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kazi yao naiheshimu. Shauri la kwanza lilikuwa kuyajaza magego kwa weldi na kuyakereza upya. Nilikataa. Chuma hiki kimefanywa kigumu juu tu, ndani kimeachwa na ulaini wa kuvumilia pigo. Moto wa weldi huuvuruga mpango huo, na gego likikatika ndani ya mguu linaondoka na pinyo. Shauri la pili lilikuwa kuigeuza pete ili uso mzima utazame mbele. Kwa baadhi ya mashine hilo linawezekana, lakini magego ya gia yenyewe ya mbele nayo yalikuwa yameliwa. Tukaagiza Lubumbashi pete, gia ya mbele na oili sili.

Wakati tukisubiri, swali halikuniacha. Fimbo fupi inaeleza sehemu ya ubovu, lakini vile vipande vya chuma vilitokana na mapigo makali. Niliwasha mashine ndani ya pipa la maji, nikafunga kipimo cha mizunguko kwenye waya wa plagi. Mkono wa gia ukiwa katikati, ilikuwa ikizunguka mara 1,600 kwa dakika. Mashine za aina hii hutakiwa kuwa karibu na 1,000. Nishati ya pigo huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kila mara gia ilipoingizwa, magego yalipokea pigo kama mara mbili na nusu ya lile lililokusudiwa.

Nani aliipandisha kasi hiyo? Mwenye mtumbwi mwenyewe, na alikuwa na sababu. Mashine ilikuwa ikizima kila alipoingiza gia. Kabureta yake imepangwa kwa hewa ya baharini. Huku juu hewa ni nyepesi, petroli inazidi hewa, plagi zinakuwa nyeusi, na mwendo wa chini unakosa nguvu. Juu ya hayo, kwa kuihurumia mashine, alikuwa akichanganya lita moja ya oili kwa lita 25 za petroli badala ya lita 50. Ili isizime, akakaza skrubu ya mwendo. Ikaacha kuzima, ikaanza kuvunja gia.

Kwa hiyo kazi kubwa ilifanyika juu, kwenye injini. Tulisafisha kabureta, tukarudi kwenye moja kwa 50, tukaweka plagi mpya, kisha tukarekebisha skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kwa robo mzunguko, tukisikiliza. Jeti kubwa ya kabureta sikuigusa: ukibana petroli kupita kiasi kwenye moto mkubwa, pistoni inaungua, na hiyo ni gharama inayoizidi ya gia. Mashine ilitulia kwenye 1,050 bila kuzima.

Vipuri vilipofika, nilirudisha shimu zilezile, yaani pete nyembamba za kurekebisha nafasi ya gia, mahali pake, nikajaza oili mpya kutoka tundu la chini mpaka ikatokea la juu, ili hewa isibaki ndani. Kisha nilikaa na mwenye mtumbwi nikimfundisha mkono: aushushe moto wa mashine kabisa, asubiri kidogo, halafu asukume gia kwa nguvu na mara moja. Alikuwa na mazoea ya kuibembeleza, na hapo ndipo magego husagana kona kwa kona. Mara tatu za kwanza alisita. Ya nne ikaingia kwa mlio mmoja mfupi, na rafadha ikaanza kuvuruga maji ndani ya pipa.