'Herufi ya kutoroka' ni tafsiri inayopotosha

Ukitafsiri neno kwa neno jina la Kiingereza la mkwaju nyuma (\) katika programu za kompyuta, utapata 'herufi ya kutoroka'. Hebu tuulize: anayetoroka ni nani, na anakimbilia wapi?

Tuchukue vikokotoo vya Casio vya kuchora grafu, mathalani fx-9860GII. Hivi huandikiwa programu, na ndiyo maana mtahiniwa wa KCSE haruhusiwi kuingia navyo katika mtihani wa Hisabati. Maneno ya kuonyeshwa kwenye skrini hufungiwa ndani ya alama za mtajo: "Jibu ni 12". Sasa tuseme unataka alama hizo zenyewe zionekane. Ukiandika "Neno "kima"", kikokotoo kitadhani maneno yamekwisha kabla hata ya kima kutajwa. Kwa hivyo huandikwa "Neno \"kima\"", nayo skrini ikaonyesha Neno "kima". Mikwaju haionekani ng'o! Ukiutaka mkwaju wenyewe, andika miwili.

Hapa hakuna aliyetoroka. Alama ya mtajo imevuliwa tu kazi yake ya kufunga, ikabaki kuwa umbo la kutazamwa. Wanaisimu wanalijua jambo hili vizuri. Katika 'kima ana mkia' tunalitumia neno. Katika '"kima" lina silabi mbili' tunalitaja. Mkwaju huifanyia alama kile ambacho alama za mtajo hulifanyia neno. Napendekeza tuuite 'mkwaju kinga', kwa sababu huikinga alama inayoufuata isisomwe kwa kazi yake ya kawaida.

TI-84 Plus haina kinga hiyo katika lugha yake ya BASIC. Mwandishi hulazimika kuiweka alama ya mtajo ndani ya mlinganyo Y1, kisha kuihamisha kwa amri Equ►String(. Wapo wanaouona huo kuwa ujanja wa kusifiwa. Mimi nauona kuwa pengo la lugha. Lugha isiyoweza kutaja alama zake yenyewe ina upungufu.

Kwa Mswahili suala hili si la mbali. Vikokotoo vipya kama Casio fx-CG50 hukubali Python, ambamo ritifaa pia hufungua na kufunga maneno. Andika 'ng'ombe' humo uone: maneno yatafungwa baada ya 'ng', kisha kikokotoo kilalamike. Mwanafunzi aelekezwe kuandika 'ng\'ombe', au atumie alama za mtajo maradufu, "ng'ombe".