Desimali Bila Nyumba: Uhakiki wa Tangazo la Kuuza Jumba la Kale Mengo

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika insha hii ninahakiki matini ya mistari minne tu: tangazo la kuuza jumba la kale la ghorofa hapa Mengo, nililolisoma langoni mwake. Liliandikwa kwa Kiingereza. Nalijadili kwa maana yake. Ninadai kwamba lugha ya tangazo hilo imeshalibomoa jumba kabla mnunuzi hajafika.

Mstari wa kwanza unataja desimali za ardhi, yaani sehemu za mia za ekari. Wa pili unasema ni mailo ya mtu binafsi na hati iko tayari. Wa tatu unajivunia ukaribu wa Bulange na Lubiri. Jumba linakuja mwishoni: nyumba ya zamani, inahitaji ukarabati. Hatuambiwi nani aliijenga, lini, wala kwa matofali na mbao gani. Ardhi ndiyo kiima cha matini nzima. Nyumba ni kijalizo unachoweza kukifuta na biashara ikaendelea.

Uteuzi huo una historia. Zamani nyumba za wakuu wa Buganda zilijengwa kwa miti, matete na nyasi, na makao makuu yalihama Kabaka alipohama. Mkataba wa tarehe 10 Machi 1900 ulibadili hali. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto mdogo. Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri walitawala kwa niaba yake. Mkataba uliwagawia wakuu ardhi kwa maili za mraba, na ndiko lilikotoka neno mailo. Mtu mwenye ardhi ya kurithisha alikuwa na sababu ya kujenga kwa matofali. Kwa hiyo umiliki ulioliwezesha jumba kusimama ndio huohuo unaoliwezesha leo kuuzwa kama kiwanja.

Wapo watakaosema kwamba mhakiki hana haki ya kumlaumu mrithi. Hoja hiyo ina uzito. Jumba moja huweza kuwa na warithi wengi, kila mmoja na karo za kulipa, na ukarabati wake si kupaka rangi tu. Ukuta wa matofali laini ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani na matofali huanza kumung'unyika. Unahitaji chokaa, na fundi anayeijua. Simlaumu anayeuza. Ninailaumu matini inayomficha mnunuzi kitu anachonunua, kwa maana neno "ukarabati" likisimama peke yake huwa ruhusa ya kuleta tingatinga.

Si kweli kwamba watu wetu hawajali majengo ya kale. Muzibu-Azaala-Mpanga ya Kasubi, kasri lililojengwa mwaka 1882 na kuwa kaburi la Muteesa wa Kwanza mwaka 1884, iliteketea tarehe 16 Machi 2010. Mwaka 2013 Katikkiro Charles Peter Mayiga alianzisha kampeni ya Ettoffaali, na watu wa kawaida wakachanga. Mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ettoffaali ni tofali letu la Kiswahili. Ajabu ni kwamba tofali limekuwa sitiari ya kuifufua nyumba ya nyasi, ilhali jumba la matofali halisi halina hata sentensi moja ya kulitetea.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko katika masimulizi. Kila aliyechangia Kasubi alijua ni nyumba ya nani. Jumba la langoni limevuliwa jina na kuachiwa vipimo. Ningedai mstari wa tano katika kila tangazo la aina hii: aliyeijenga, mwaka, vifaa vilivyotumika, na sehemu ambazo bado ni nzima. Mnunuzi anaweza kubomoa hata baada ya kuusoma, lakini hapo atakuwa amebomoa nyumba akijua ni nyumba. Na sisi wanafunzi wa lugha tunaweza kuuandika mstari huo, tukianza kwa kuwauliza wazee wa Mengo wangali hai.