"Kipima Chumvi": Istilahi Inayopotosha

Miongoni mwa majina yanayopewa vyombo vya kupimia maji, lipo moja ambalo kwa maoni yetu halifai kuachwa lienee zaidi, nalo ni "kipima chumvi". Chombo kiitwacho hivyo hakionji chumvi. Elektrodi zake huingizwa majini, umeme ukapitishwa baina yake, na tarakimu itokeayo huonyesha wepesi wa maji hayo kuupitisha. Wabebaji wa umeme huo ni ioni, na ioni hutokana na vitu vingi.

Pale Uvinza, Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, jina hili lisingemsumbua mtu. Chemchemi za huko zimetoa chumvi ya kuliwa kwa karne nyingi. Lakini tupande nyanda za juu, Kasulu na Kibondo. Huko kisima kilicho karibu na choo chaweza kuonyesha tarakimu iliyopanda kwa sababu ya naitreti, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa. Mama akiambiwa "chumvi imezidi kidogo", atasikia habari ya ladha tu. Watetezi wa jina hili husema kwamba katika kemia chumvi ni kundi zima, si ile ya jikoni peke yake. Ni kweli, darasani. Kisimani neno hubaki na maana ya nyumbani.

Tarakimu ndogo nayo hupotosha, tena vibaya zaidi. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakihamishiwa Nyarugusu, Kasulu. Bakteria wa maradhi hayo hawatambuliwi na chombo hiki. Maji yanayoupitisha umeme kwa shida yaweza kuwa nao tele, na jina la "kipima chumvi" halimwonyi mtu kwamba hajapima jambo hilo.

Twapendekeza "kipima upitishaji umeme". Ni refu, lakini lasema kile hasa kinachopimwa. "Kondaktiviti" halimwambii kitu yeyote asiyelijua tayari.

Penye neno jema la mafundi, hatuna haja ya kubuni. Fundi wa mabomba husema bomba "limelika", na kutoka hapo "ulikaji" limezaliwa bila taabu. Tunalipendelea kuliko "kutu", kwani kutu ni masalio, na kulika ndilo tendo lenyewe: metali hupoteza elektroni na kuingia majini ikiwa ioni. Zinki iliyopakwa juu ya bomba la chuma yaweza kulika muda mrefu kabla wekundu wowote haujaonekana. Anayeshusha pH ya maji kutoka 7 hadi 6 ameongeza ioni za haidrojeni mara 10, na bomba huanza kulika upesi zaidi ingali linang'aa.