Picha za Nungwi: Kuona na Kutazama



Ukitaka kujua kijiji cha Nungwi kinavyoonekana ulimwenguni, ichukue simu ya mwanao uandike jina hilo. Zitakujia picha kwa wingi. Nyingi ni kama moja: chombo cheusi majini, jua jekundu nyuma yake. Nyengine ni za mtoto anayecheka mchangani, au mama atokaye kuchokoa pweza, nguo zimelowa, naye hana khabari. Kinachoingia majumbani mwetu kila siku hakifai kupita bila ya kupimwa, basi na tuzipime.

Kwanza, tusikilaumu chombo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri kiasi cha mwaka 1040, aliuchunguza mwangaza upitao tunduni na kuingia chumba chenye giza, na huo ndio msingi wa kamera. Na maulamaa walipokhitilafiana juu ya picha hizi, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuzijuzisha, akaziona ni kivuli kilichozuiliwa, si kuumba. Wapo waliokataa, na hoja zao zina hishima yake. Lakini hata aliyejuzisha hakujuzisha kila kipigwacho. Kisu ni halali, ila si kila kikatwacho nacho ni halali.

Sasa tuitazame hiyo picha ya jua. Yapendeza, lakini haisemi kitu. Hujui kama kile ni jahazi au mashua, wala hujui nani kakiunda. Nungwi ni kijiji cha mafundi wa vyombo. Pale pwani hulazwa mkuku, yakapangwa mataruma, zikapigiliwa mbao, kisha nyufa zikatiwa kalafati kwa pamba yenye mafuta. Ustadi huo mtoto huupata kwa kukaa karibu na mzee, kuishika tezo na keekee mpaka mkono ukazoea. Mwenye kamera aliyefika hapo akarudi na jua tupu, ni kama aliyekwenda darsani akarudi na khabari za rangi ya mkeka.

Ama picha ya yule mama, hiyo ina kasoro kubwa zaidi. Surat Nuur, katika aya ya 27, imetufunza kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Mtu atasema pwani si nyumba. Kweli, lakini sura ya mtu ni stara yake, na kamera huingia pasipoingia mguu. Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Mabinti zetu huingia na simu katika shughuli za harusi za wanawake, wakampiga bibi harusi na mashoga zake waliojifunua kwa kuaminiana. Picha hupelekewa mmoja, kesho iko kwa mia. Ikishatoka hairudi, na mwenye kuumia siye aliyeipiga.

Linganisha na studio ya Capital Art, aliyoifungua Ranchhod Oza Mji Mkongwe mwaka 1930. Mtu alikwenda kwa hiari yake, kavaa kanzu na kofia, akakaa akijua anapigwa. Mkanda wa filamu ulipata picha 36 na kila moja ina gharama, basi mpigaji alifikiri kabla ya kubonyeza. Sisemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Kadi za posta za zama za ukoloni ziliuza nyuso za watu wetu bila ya majina, kama ziuzwavyo leo. Ila ni wakati mwengine. Aibu ni ile ile.

Na faida ya kamera iko wazi kwa aitakaye. Vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa katika mradi uliosaidiwa na Maktaba ya Uingereza, vikawekwa kwenye intaneti. Mwanafunzi akavisoma bila ya kuzigusa karatasi zilizochakaa. Hapo kamera ilifanya kazi ya mwandishi.

Kwa hivyo kijana mwenye kuipenda kazi hii asizuiwe, aelekezwe. Na aende kwa fundi, amwamkie, atake idhini. Ampige hatua kwa hatua, tangu mkuku mpaka kalafati. Aandike jina la fundi akiridhia, aina ya chombo na tarehe, kwani picha isiyo na jina ni yatima. Azihifadhi kwenye kompyuta na mahali pengine pia, maana mashine hufa kama tufavyo. Na akikataliwa, aishushe kamera kwa uso mkunjufu.

Mafundi wale ni wazee, nao hawatangoja. Mzazi msomaji, muulize mwanao leo: katika picha zote alizonazo simuni, ni ngapi mwenyewe alizitolea idhini, na ni ngapi zitamfaa mjukuu?

Wabillahi tawfiq.