Sampuli Inayoleta Kazi

Mhariri anayetafuta mwandishi wa kujitegemea hasomi potifolio, anaipekua. Anafungua kiungo cha kwanza, anapitia aya moja au mbili, akichoka anahamia kwa mwandishi mwingine. Kwa hiyo mistari ya mwanzo ya sampuli yako ya kwanza ina uzito zaidi kuliko kurasa zote zinazofuata, na hapo ndipo waandishi wetu wengi wa maudhui wanapopotezea kazi.

Chukua mada ya kawaida kabisa: mteja wa M-Pesa nchini Kenya afanye nini akituma pesa kwa nambari isiyo yenyewe. Wengi wataanza hivi: “M-Pesa ni huduma ya fedha kwa simu iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2007, na imebadilisha maisha ya watu wengi.” Ni kweli tupu, lakini anayesoma hajaja kwa ajili ya historia. Karo ya mwanawe imeingia kwa mtu asiyemjua, na mikono inamtetemeka.

Sasa soma hii: “Chukua ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo, utume kama ulivyo kwenda 456. Fanya hivyo sasa hivi, kabla aliyezipokea hajazitoa.”

Sentensi inaanza na kitendo. Nambari 456 imewekwa mapema, hivyo hata anayesoma kwa jicho moja kwenye simu ndogo anaipata bila kushuka chini. Neno “kabla” linaeleza kwa nini aharakishe, kwa hiyo hakuna haja ya alama tatu za mshangao wala herufi kubwa. Maneno “kama ulivyo” yamewekwa kwa ajili ya yule ambaye angeanza kuandika maelezo yake mwenyewe kuhusu kilichotokea. Baada ya hapo vichwa vidogo vinafuata maswali kwa mpangilio ambao hofu huyaleta: je, kama zimeshatolewa? Je, kama nimeufuta ujumbe? Mwaka 2007, ukilazimika kuutaja, ukae mwisho kabisa.

Sampuli hiyo iandikie maelezo mafupi chini yake: msomaji alikuwa nani, alikuwa amekwama wapi, na ni nini ulichokiondoa. Ni waandishi wachache wanaofanya hivi, ilhali ndicho anachokitafuta mhariri. Sentensi nzuri anaweza kuzipata kwa wengi. Mtu anayejua kukata, hampati kirahisi.

Swali gumu ni sampuli zitoke wapi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Mtu anaweza kuandikia kampuni miaka mingi na asiwe na ukurasa hata mmoja wa kuonyesha. Wanaoandikia wanafunzi wa ng’ambo insha wamefungika zaidi: kazi yao haiwezi kuonyeshwa kamwe, na mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayoifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai. (Ujuzi wa utafiti wanaoupata ni wa kweli, tena mkubwa. Inasikitisha kuuona ukizikwa.)

Kuna pia ushauri wa kupokea kazi za bei ya chini “ili kujaza potifolio”. Piga hesabu kwanza. Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo ya muuzaji, hivyo kazi ya dola 10 inakuachia 8, kabla ya gharama za kuzitoa. Bei hiyo inaweza kuvumilika ikiwa utaruhusiwa kuonyesha ulichoandika. Bila ruhusa, umeuza siku yako tu. Ruhusa yenyewe haihitaji wakili. Kabla ya kuanza, mwandikie mteja: “Naomba baada ya kuchapishwa nionyeshe kazi hii kama sampuli yangu.” Akikubali kwa maandishi, hifadhi jibu lake. Akikataa, pandisha bei.

Na kama huna mteja kabisa, usimsubiri. Tafuta maelezo mabovu yaliyo wazi kwa umma, ya kulipia umeme, bima au kuomba mkopo wa masomo, uyaandike upya na kuyaweka kando ya yale ya zamani, ukisema wazi kwamba hukuagizwa na mtu. Sampuli tatu za namna hiyo zinatosha kuanza kuomba kazi wiki hii.