Ufundi wa Kuyachezesha Maji

Mgeni akisimama mbele ya tangi la matumbawe lililotunzwa vizuri, macho yake huenda kwa samaki, kisha kwenye rangi. Anayeijua kazi hiyo hutazama mengine. Hutazama polipu, yaani vijimwili laini vyenye minyiri vinavyounda tumbawe, zinalalia upande gani na kama baada ya muda mfupi zitageukia upande wa pili. Kwa hilo atajua tangi lile linatunzwa na mtu wa namna gani.

Tumbawe halitembei. Chakula sharti kilifuate lilipo, ute na taka zake ziondolewe, na usiku, mwani unaoishi ndani ya mwili wake ukiwa umeacha kutengeneza oksijeni, pumzi yake yote hutoka kwenye maji. Tena kila kilichozama majini hushikwa na utando mwembamba wa maji yasiyosogea, na kila kinachoingia au kutoka mwilini mwa tumbawe hupita humo. Maji yakienda kwa nguvu, utando huo huwa mwembamba. Yakilala, hunenepa, na tumbawe huweza kukosa hewa ingawa maji yanayolizunguka ni safi kabisa. Baharini mawimbi na kujaa na kupwa kwa maji humaliza kazi hiyo. Sebuleni ni lazima mtu aifanye.

Katika waliowahi kuifanya, ninamstahi sana Bruce Carlson, aliyekuwa mkurugenzi wa Waikiki Aquarium huko Honolulu. Mtambo unaoitwa kwa jina lake ni chombo cha maji kinachowekwa juu ya tangi, ndani yake mna bomba nene lililopinda. Pampu hupandisha maji taratibu. Yakishapita mpindo wa bomba, sifoni hushika, yaani maji huanza kujivuta yenyewe bombani, na karibu yote hushuka kwa kishindo katika sekunde chache, mfano wa tangi la choo linapovutwa. Kisha hewa huingia bombani, sifoni hukatika, na chombo huanza kujaa upya. Hauhitaji swichi wala saa, na kinachozunguka ni pampu peke yake. Una kelele, huleta mapovu, hurusha chumvi ukutani, na kina cha tangi hupanda na kushuka kila mara. Lakini tumbawe hupata kile linachokipata mwambani: msukumo mkubwa, kisha maji yakirudi.

Majumbani wengi hutumia pampu za propela, ambazo kampuni ya Tunze ya Ujerumani ilichangia sana kuzieneza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla yake pampu zilitoa mkondo mwembamba na mkali. Tumbawe lililokaa mbele yake liliweza kuchubuliwa nyama hadi kiunzi cheupe cha chokaa kikabaki wazi, huku jirani yake akikosa hata mtikisiko. Propela husukuma maji mengi kwa upana na kwa upole.

Wafugaji hupenda hesabu. Kwa matumbawe magumu ya matawi husemwa pampu kwa pamoja zisukume ujazo wa tangi mara 20 hadi 40 kwa saa, yaani lita 8,000 hadi 16,000 kwa tangi la lita 400. Mengi yaliyo laini hutosheka na pungufu ya hapo. Kwangu hesabu hiyo ni mahali pa kuanzia tu. Nguvu zote hizo zikielekezwa vibaya, nyuma ya mawe hubaki kona iliyokufa ambako mabaki ya chakula hulala na kuoza.

Fundi stadi huanza kwenye mawe yenyewe: huyapanga kwa matundu na njia, na huyatenga na kioo cha nyuma. Pampu mbili huziweka ili mikondo yake igongane na kuvunjika, kisha huzipokeza zamu. Moja huiinua kidogo mpaka uso wa maji utetemeke, kwa kuwa hapo ndipo oksijeni huingilia. Halafu hudondosha chembe za chakula na kukaa kimya akizifuata kwa macho. Zinapotua na kubaki, hapo pana kasoro. Husogeza pampu kiasi cha upana wa kidole, hudondosha tena, hutazama tena. Subira hiyo ndiyo ninayoihusudu, kwa sababu haina mwisho: tumbawe likikua huziba njia ya maji iliyolikuza, na chokaa ikiganda kwenye propela mkondo hufifia kidogo kidogo, hadi pampu ifunguliwe na kulowekwa kwenye siki.

Msomaji unayepanga kuanza, usinunue pampu moja kubwa. Nunua mbili za wastani, uziweke zikikabiliana, uzijaribu kwa chembe za chakula kabla hujaingiza tumbawe la kwanza. Nunua na betri ya kuendesha mojawapo umeme ukikatika, kwa maana oksijeni ya tangi lililojaa viumbe huweza kwisha kwa usiku mmoja.